Wema Uliokuwa na Meno

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijasema neno lolote, niambie goti lako linaendeleaje, na kama bado unapanda ngazi ukiwa umeshikilia ukuta kama mtu anayetafuta swichi. Nawasalimu mumeo na wapwa zangu wote, hasa yule mdogo aliyesema akiwa mkubwa atakuwa mjomba. Mwambie kazi hiyo haina mshahara, ila chai haikosekani.

Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, suruali zao hazikui. Wifi yako anakusalimu sana. Amerudi sasa hivi kutoka kiwandani, nguo zote zinanukia vanila kama kawaida ya wapika biskuti, na amelala kwenye kochi kabla hajavua viatu. Nimemwacha apumzike, nami nimesogeza cherehani pembeni ili nipate mahali pa kuandikia.

Najua umenikasirikia kwa kukaa kimya. Katika barua yako uliniuliza neno moja tu kuhusu baba mkwe wangu: je, ameshaona haya? Swali lilikuwa fupi, na nilishika kalamu mara kadhaa nikaiweka chini. Leo nitakujibu, lakini jibu lenyewe ni refu. Chemsha chai, ukae.

Mengine unayajua, ila niache niyaseme kwa mpangilio wangu, maana nikiyaruka nitapotea. Unakumbuka nilipokwenda kuposa. Mzee wakati ule alikuwa msimamizi wa gereji, mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, anayeweza kukwambia gari lina ugonjwa gani kabla halijazimwa. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akauliza kazi yangu, nikamwambia ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Akawageukia ndugu zake akasema, “Binti yangu nilimtafutia buti, yeye kaniletea kandambili.” Wakacheka mpaka mmoja wao akapaliwa. Nami nilicheka, maana mposaji afanye nini? Lakini jina likashika. Miaka yote hiyo ameniita Kandambili, mbele ya majirani, mbele ya wanangu, hata mbele ya mteja aliyekuja kuchukua koti lake.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wake wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukabaki nusu. Neno moja linamtoka kwa shida kama msumari kwenye ubao mkavu. Shemeji mkubwa, mwanawe wa kwanza, ana nyumba yenye nafasi upande wa pili wa mji, lakini alisema yeye na mkewe wanashinda kazini. Mimi ndiye ninayeshinda nyumbani. Basi mzee akaletwa kwetu, ghorofa ya tatu, kitanda chake tukakiweka kwenye chumba ninachoshonea, karibu na dirisha.

Wewe ulikuja kututembelea siku zile. Tulikuwa jikoni, unamenya viazi, ukaniambia kwa sauti ya chini: “Mtunze, mdogo wangu. Mtunze vizuri mpaka kila kijiko cha uji kimkumbushe alivyokuita.” Tulicheka sana. Wewe uliondoka na kicheko chako, mimi nikabaki na maneno yale nikayageuza kuwa kazi.

Na kazi niliifanya, dada. Hakuna atakayekwambia vingine. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikamshonea mashati yanayofungwa mgongoni ili mkono wake usiumizwe. Uji wake haukuwa na punje. Jirani wa chini alimwambia mumewe ajifunze kwangu. Wakinisifu niliinamisha macho na kusema ni wajibu tu, na moyoni sifa zile nazinyonya kama muwa. Nilipomshika kwapani kumpeleka msalani, kila mara moyo wangu ulimwambia: leo nani anakupeleka huku, ee mzee? Si kandambili? Mdomo wangu haukusema hata siku moja. Mdomo wangu ulisema, pole baba, inua mguu, vizuri baba. Nilikuwa nasubiri siku moja tu: siku atakayonitazama na kuniomba radhi.

Hospitali ilitupatia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awe anakuja nyumbani kumnyoosha mzee mkono na mguu. Ni mama mfupi, mnene kidogo, mwenye kicheko cha ghafla. Watu wa jengo letu walipomsikia akiitwa Mama Viungo walidhani anauza pilipili manga na mdalasini, na mpangaji mmoja alimsimamisha kwenye ngazi akamwuliza bei ya iliki. Akamjibu kwamba viungo vyake havinunuliki, ila vinauma.

Mama huyu alikuwa na tabia moja. Akifika kwenye mlango wa chumba cha mzee alishika kitasa, akasimama kimya kidogo, ndipo anaingia. Kila mara. Nikafikiri ngazi zetu zinamkata pumzi, nikamwekea kiti nje ya mlango. Alipokiona akacheka mpaka akakikalia kweli. Akanieleza kwamba yeye anafuata mafundisho ya Budha, na kwamba Budha alionyesha njia ya kuishi yenye mambo manane, la pili likiwa nia sahihi. Si mambo ya mahekaluni tu, akasema. Ni ya mlangoni, ya jikoni, ya kazini. Kabla ya kumshika mgonjwa anajiuliza: nakwenda humu nikiwa nimeng'ang'ania kitu gani ambacho ningekiachilia? Namtakia huyu heri, au namtakia kitu kingine? Na mkono wangu huu, hautamdhuru?

Nikamwambia hayo sisi tunayajua, tangu zamani watu husema nia njema ni tabibu. Tena penye nia pana njia.

“Ndiyo,” akasema, “lakini mbona hakuna anayeuliza ni nia ipi, na njia ya kwenda wapi? Mwizi naye ana nia. Na njia anaipata.”

Usidhani alikuwa anajifanya malaika. Alinieleza kwamba juma lile lile alimfokea mgonjwa aliyekataa kuinua mkono, kisha akagundua kwamba hasira yake haikuhusu mkono. Alitaka mgonjwa apone upesi ili mkubwa wake wa kazi amsifu. “Nilimwita mvivu,” akasema, “na uvivu wenyewe ulikuwa wangu, wa kutotaka kujitazama.” Akainuka, akashika kitasa, akaingia, nami nikabaki na kiti.

Nikasema nami nijaribu, nione. Dada, utacheka. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na bakuli la uji nikijiuliza nang'ang'ania nini, nikazama kwenye mawazo, uji ukapoa ukafanya ngozi. Kutoka ndani mzee akavuta ule ulimi wake, akauliza, “Umekufa… hapo?” Nikaingia mbio.

Lakini niliendelea. Na nilichokikuta mlangoni hakikunifurahisha. Nikiwa na uji, nikijiuliza kwa nini naupeleka, jibu linakuja: ili aone. Nikiwa na beseni la maji: ili aone. Nikiwa na shati jipya nililolishona kwa mkono wangu, mshono safi, vifungo vimekaa sawa: ili aone, ili wao waone, ili siku moja ayameze maneno yake. Wema wangu ulikuwa na meno, dada. Nilikuwa namlisha mzee huku namng'ata. Nilimweleza Mama Viungo, nikidhani ataniambia niache kazi hiyo au nijilazimishe kumpenda. Akaniuliza mshono ukienda upande huwa naufanyaje. Nikasema naufumua taratibu, maana ukivuta kwa hasira unachana kitambaa. Akasema, basi. Uone tu kwamba umekwenda upande, kila mara, na ufumue kidogo. Hakuniambia zaidi ya hapo, akaomba chai.

Sasa nikueleze Jumapili ile.

Shemeji mkubwa alitoa taarifa kwamba angekuja mchana na mkewe na shangazi yao, ndugu wa mzee. Wifi yako alikuwa zamu. Mimi nilikuwa nakamilisha kola za sare zilizotakiwa kesho yake. Mzee aliniita mara moja kwa sauti ya chini kutoka kitandani, nikamwambia angoje, nikamaliza kola, nikaanza nyingine. Nilipokwenda kuchukua maji jikoni nikasikia sauti za wageni kwenye ngazi, wamewahi kuliko walivyosema. Nikarudi na beseni. Kufika mlangoni harufu ikanipokea. Mzee alikuwa ameshindwa kujizuia. Kitanda kizima.

Nimesimama pale, mkono kwenye kitasa, na mawazo yakanijia yamepangika kama nguo zilizopigwa pasi. Usifanye kitu. Wafungulie mlango wa nje, wakaribishe, waache waingie wenyewe humu. Waone kwa pua zao. Shemeji anayekuja na matunda kwenye mfuko na kuondoka kabla chai haijaiva, ajue mimi nafua nini. Na huyu mzee, aonwe na dada yake na mkwewe akiwa hivyo. Hapo ndipo atajua nani kandambili. Na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu, dada. Hiyo ndiyo ilinitisha. Ningesema nilikuwa jikoni, na ingekuwa kweli.

Nikatazama ndani. Mzee alikuwa amezisikia sauti zao. Alikuwa anavuta shuka kwa mkono wake mzima, anajaribu kufunika palipolowa, na shuka limebanwa chini ya mguu uliokufa ganzi, haliji. Anavuta, haliji. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mlango.

Niliingia, nikafunga mlango, nikageuza ufunguo.

Watoto waliwafungulia wageni. Nikawasikia sebuleni, halafu shemeji akaja kugonga. Nikasema wangoje kidogo. Akagonga tena. Nikasema wangoje. Mtu mzima aliyelowa hageuzwi upesi, na mimi sikutaka kumgeuza upesi. Nilimsafisha, nikatandika upya, nikafungua dirisha, nikafunga matandiko machafu kwenye kitambaa cha sare nilichokuwa nakata, maana hakukuwa na kingine karibu, nikayasukuma chini ya meza ya cherehani. Mzee alikuwa analia bila sauti. Nilimfuta uso mwisho kabisa. Na wakati wote huo, nakuapia, sikukumbuka kujiuliza swali lolote wala kujijibu. Nilikuwa na kazi tu ya mtu aliyetaka kusitiriwa.

Nilipofungua, shemeji alikuwa amevimba. Mlango wa mgonjwa unafungwaje kwa ufunguo? Nilikuwa namfanya nini baba yake? Shangazi akaona sakafu imelowa, akaona macho mekundu ya mzee, akapiga kofi la mshangao akasema kaka yake analizwa na watu wasio damu yake. Wakanitaka nijieleze. Sentensi moja tu ingetosha, na matandiko yalikuwa pale chini ya meza, hatua chache kutoka miguuni kwao. Nikamtazama mzee. Yeye aligeuza uso ukutani. Nikaelewa kwamba ili anitetee angelazimika kuyasema yale niliyokuwa nimeyaficha. Nikasema, “Nilikuwa namvisha nguo.” Shangazi akasema nguo gani hizo zinazovaliwa na kilio.

Katikati ya juma gari likaja. Shemeji alimchukua baba yake, na kitanda, na yale mashati yanayofungwa mgongoni. Wifi yako alikataa, akabishana na kaka yake kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, lakini mimi sikumwambia sababu ya ule ufunguo, nikasema tu tulielewana vibaya. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Chumba kikawa kipana. Nilishona kwa nafasi, mwanga wote wa dirisha ni wangu, na nilichoka upesi kuliko zamani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niandike, na ambalo lingekuwa rahisi kukuficha.

Haukupita muda shemeji akapiga simu. Sauti haikuwa ile ya mlangoni. Akasema mzee anakataa kula, anapiga kelele akigeuzwa, mgongoni ameanza kidonda, na mkewe shemeji amesema yeye hawezi tena. Akaniuliza huwa nafanyaje. Nikamwambia nitakuja kesho asubuhi, nikakata simu.

Dada, nilifurahi. Baba wa mke wangu ana kidonda mgongoni, hataki kula, analia akishikwa, nami nilifurahi mpaka nikaona kiu. Nilikuwa tayari nawaona wote wamekaa wameinamisha vichwa, shangazi wa kwanza. Baada ya mlango ule wote, baada ya kufumua kote kule, furaha ile ilikuwa imekaa ndani yangu nzima, imeshiba.

Nikaenda jikoni kumweleza wifi yako. Nilipomaliza akaniambia, “Mbona unatabasamu?”

Nikasema sitabasamu. Akachukua kifuniko cha sufuria, akakiinua mbele ya uso wangu. Nilijiona.

Ndipo nikamweleza yote. Kicheko chetu cha viazi, kijiko cha uji kinachokumbusha, nilivyosubiri kuombwa radhi, na ile Jumapili, nilichotaka kufanya na nilichofanya. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Alikuwa anasugua jiko, hakuacha. Akasema, “Nilijua. Si ya Jumapili, hiyo sikuijua. Lakini hayo mengine nilijua. Wewe sahani zako zinaongea. Ukiniwekea mimi chakula, sahani inakaa mezani. Ukimwekea baba, ilikuwa inagonga.” Kisha akasema kwamba kila siku kiwandani alikuwa na hofu, si ya kwamba nitampiga baba yake, bali ya kwamba siku moja mzee atakufa kabla sijamaliza kumdai, nami nitabaki nadai maiti maisha yangu yote. Na akamalizia: “Kwa baba yangu usiende na uso huo. Kaa hapa mpaka upate mwingine.”

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na uso mwingine. Nilikuwa na nusu. Nilisimama kwenye geti la shemeji muda mrefu kiasi kwamba mlinzi wa jirani alianza kunitilia shaka. Nilijiuliza yale yale, na jibu likaja lile lile, ili waone, lakini safari hii nililisikia kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili. Ipo, inaimba, si lazima niicheze. Nikagonga.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyefungua. Lile jitu, dada, la suti na saa kubwa! Mikono ya shati imekunjwa, uji kifuani, macho ya mtu ambaye hajalala. Hakunisalimu. Alisema tu, “Nifundishe.”

Na hapo ndipo ilipokuwa kazi ngumu kuliko zote. Kwa maana ningeweza kumsogeza pembeni, nikafanya mwenyewe kwa ile mikono yangu iliyozoea, mzee akatulia, shemeji akasimama anatazama kama mwanafunzi aliyefeli. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Nikakaa kwenye kiti nyuma yake, mikono nikaikalia, nikamwambia afanye yeye. Weka goti kitandani. Usimvute mkono, mbebe bega. Mwambie kwanza unataka kufanya nini, ndipo umguse. Alikosea, akarudia. Mzee akamfokea kwa nusu ulimi wake: “Tara…tibu.” Shemeji akajibu, ndiyo baba, na akaenda taratibu kweli. Tukakisafisha kidonda. Nikamweleza namna ya kumgeuza mara kwa mara ili pasichubuke tena, na uji uchujwe, na kijiko kipite upande wa kushoto wa mdomo.

Nikamwambia na lingine. Kukiwa na wageni nje, na humu mambo yameharibika, funga mlango kwanza. Geuza ufunguo kabisa. Waache wanung'unike.

Shemeji akasimama na kitambaa mkononi, maji yanadondoka kwenye viatu vyake. Akanitazama, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amefumba macho, akanitazama tena. “Kumbe siku ile…” akaanza.

Nikamwambia, “Badilisha maji, hayo yamepoa.”

Akaenda kuyabadilisha. Tuliendelea, na hatukulizungumza tena hadi leo. Wakati anamfuta miguu, mzee alipitiwa na usingizi, mdomo wazi, kama mtoto aliyechoka kucheza. Shemeji akaninong'oneza kwamba hajawahi kumwona amelala mchana tangu amlete pale.

Basi hilo ndilo jibu langu. Hajaniomba radhi, na ulimi ule sidhani una safari ndefu hivyo. Kuna siku bado natamani aniombe, hasa nikiwa nimechoka. Siku nyingine siku inaisha na sijakumbuka. Wewe sikulaumu hata chembe. Maneno yale ya jikoni tuliyasema kwa mapenzi na kwa uchungu, nawe ulikuwa unamtetea mdogo wako. Mimi ndiye niliyeyalisha yakanenepa.

Tumekubaliana mzee abaki kwa mwanawe. Mimi nakwenda siku ambazo shemeji hawezi, na nikifika naona kitanda kimetandikwa vizuri kuliko nilivyokuwa nakitandika mimi. Hilo lilinichoma kidogo, nikaona bora nikwambie kuliko nibaki nalo. Kidonda kimefunga.

Nina ombi moja. Najua huko kwenu uliwasimulia watu namna ndugu yako anavyomlea mkwewe, na najua unavyojua kusimulia. Wakikuuliza habari zake, usinitaje. Waambie mzee yuko kwa mtoto wake mkubwa, na mtoto wake anamtunza vizuri sana. Waambie hivyo hivyo, tena useme kwa furaha.

Wifi yako ameamka, anauliza kama chai ipo, na anasema nikuandikie kwamba biskuti zilizovunjika atakutumia akipata mtu wa kuja huko. Watoto wanakubusu. Lipake goti lako dawa, uache kujifanya msichana. Mungu akuweke, akuwekee na watu wako.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Fundi